Vijiti Viwili

Mkono wa kushoto, upande wa ndani,
vidole vinne juu ya kiwiko,
wamo wawili wasiosemezana,
wamelala sambamba kama njiti za kiberiti
chini ya ngozi yangu.

Kadi ninayo. Imo ndani ya mfuko wa rambo,
mfuko ndani ya kopo,
kopo chini ya makopa ya mihogo.
Tarehe ya kuweka: mwezi wa saba.
Tarehe ya kutoa: mwezi wa saba,
miaka mitano katikati,
na mhuri wa kituo cha Kitangari
uliolowa jasho ukabaki doa la zambarau.

Siku ile nilimwambia Nampunje nakwenda kusaga.
Na kweli nilikwenda kusaga.
Debe langu likakaa kwenye foleni,
mimi nikavuka barabara.
Sista Tekla alinichoma ganzi, kalamu mdomoni,
akauliza watoto wangapi.
Wanne, nikasema.
Kisha nikarekebisha: wanne walio hai.
Akaacha kuandika.
Akaendelea kuandika.

Homoni, alisema, ndilo jina la dawa.
Inatoka kidogo kidogo, tone kwa tone,
inaliambia yai: tulia, leo hakuna safari.
Sikuhitaji kuelezwa mara mbili.
Mtu wa Newala anajua bomba linavyotoa maji.

Mwaka wa kwanza damu ilikuja ilivyotaka,
siku kumi na nne, kisha kimya miezi mitatu,
mgeni asiyebisha hodi wala kuaga.
Kichwa kikaniuma. Mashavu yakajaa,
majirani wakasema ndoa imemkubali.
Mama mkwe akasema damu imekosa njia,
akanichemshia mizizi.
Nilikunywa yote, na machicha nikatafuna.
Ilikuwa chungu, na aliipika kwa upendo,
na vyote viwili nilivimeza.

Unyagoni nilifundishwa ushanga:
ukitundikwa mwekundu juu ya kitanda,
mume ageukie ukutani.
Hakuna aliyenifundisha la kufanya
mwekundu ukikosa kazi.

Sasa ni mwezi wa saba tena.
Nampunje amefunga kitambaa puani,
mashine mgongoni inanguruma,
salfa inapanda njano hadi kwenye maua,
na yeye anaufokea mkorosho: zaa, zaa, mwaka huu zaa!
Mimi nimesimama chini na ndoo,
unga unanidondokea kwenye nyusi.
Mti unapuliziwa dawa uzae.
Mimi nimetiwa dawa nisizae.
Shamba moja, mkulima mmoja,
na deni la salfa bado tunadaiwa.

Usiku alioga nusu ndoo, akalala bado ananuka.
Kidole gumba kikapanda mkononi mwangu,
kikasimama palepale.
Akavihesabu. Kimoja. Viwili.
"Hivi, muda wake bado?"

Pumzi ilinikatika.
Miaka mitano mwanamume huyu
ameilalia siri yangu kama mto!
Nani kakwambia?
"Ushanga," akasema.
"Mwekundu umejaa utando wa buibui."

Nilingoja ngumi. Nilingoja talaka.
Nilingoja hata kicheko.
Akasema bei ya mnada mwaka huu haijulikani,
akageukia ukutani.
Nikakumbuka yule wa tano,
jembe alilikataa kumpa mtu,
kaburi alilichimba mwenyewe, fupi,
halafu akakaa siku tatu hali ugali.
Huenda naye alikuwa na kadi yake,
kaificha kwenye kopo nisilolijua.

Asubuhi nilikuta debe la mahindi
limefungwa kwenye baiskeli yake.
Hatujawahi kwenda kusaga wawili.
Kutoa, au kuweka vingine?
Sista Tekla atauliza, nami sijui bado,
na mbele yangu mgongo wenye salfa hausemi kitu,
unapiga pedali, unahema mchangani,
na mkono wangu wa kushoto umemshika kiunoni.